Njaa ya Bibi, Uzazi wa Mjukuu: Sayansi Inasema Nini Hasa

"Ukoo ule hauzai." Maneno haya husemwa kwa sauti ya chini saluni, msibani, jikoni siku ya shughuli. Msichana ameolewa mwaka wa pili huu, tumbo bado, na shangazi wa mume ameshaanza kuhesabu: mama yake alizaa kwa tabu, bibi yake alijaliwa mmoja tu, basi lipo jambo. Zamani jambo hilo liliitwa laana. Siku hizi limepata jina jipya. Mtu kasikia redioni au kasoma kwenye simu kwamba msongo wa mawazo wa wazazi huharibu uzazi wa watoto wao, na hukumu ileile ya zamani inarudi ikiwa imevaa koti jeupe la daktari.

Habari hiyo ina ukweli ndani yake, tena ukweli mzito. Lakini haisemi kile anachodhani shangazi, na anayeumizwa na tofauti hiyo ni binti aliyekaa kimya pembeni. Kwa ajili yake naomba tuifungue taratibu.

Tuanze na maneno. Ugumba, kwa maana ya Shirika la Afya Duniani, ni pale mwanamume na mwanamke wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isitunge. Ni hali ya kiafya, kama presha ilivyo hali ya kiafya. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani huipitia wakati fulani maishani. Kwa hiyo, ukikaa na wenzako watano kwenye kibaraza, huenda mmoja wenu anaijua kwa uchungu wake mwenyewe.

Neno la pili ni dhiki ya utotoni. Hapa hatuzungumzii kero za foleni ya asubuhi wala kodi ya nyumba iliyochelewa mwezi huu. Watafiti wanapolitaja wanamaanisha mambo yanayoutikisa mwili ungali unajengwa, tangu tumboni mpaka karibu na balehe: njaa, kufiwa na mama, vita, kipigo cha kila siku, kutelekezwa. La tatu siyo neno bali ni tahadhari. Katika mazungumzo haya kuna watu watatu, yaani bibi, mama na mtoto, na lazima kila mara tuulize: aliyeteseka ni nani, na alikuwa na umri gani? Habari nyingi za mtandaoni huwachanganya hawa watatu kwenye chungu kimoja.

Mwili una bajeti

Kwa nini njaa au hofu iguse uzazi, wakati tumbo la chakula na mji wa mimba ni viungo viwili tofauti? Fikiria nyumba yenye kipato kidogo. Fedha zikipungua, mama mwenye nyumba hanunui fanicha wala haandai harusi; ananunua unga kwanza. Mwili hufanya vivyo hivyo. Moyo, ubongo na mapafu ni unga. Uzazi ni harusi: jambo jema, lakini linaweza kusubiri.

Anayetangaza hali ya hatari ni homoni iitwayo kortisoli. Ikipanda na kushuka, hiyo ni kazi yake ya kawaida na haina ubaya. Ikikaa juu muda mrefu, ubongo hupunguza ishara unazotuma kwenye ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Ishara hizo hutoka kwa mapigo, kama ngoma. Mapigo yakilegea, hedhi huruka na mbegu hupungua. Kwa mtu mzima aliyepitia miezi migumu, ngoma kwa kawaida hurudi kwenye mdundo wake hali ikitulia.

Mtoto ni habari nyingine, maana nyumba yake bado inajengwa. Upungufu ukitokea wakati wa kumwaga msingi, huwezi kuurekebisha kwa rangi nzuri ukutani. Watafiti wa Uingereza, akiwemo Gillian Bentley, waliwapima wanawake wenye asili ya Sylhet, Bangladesh. Wapo waliohamia London wakiwa wadogo, wapo waliohamia wakiwa watu wazima. Asili yao moja, na sasa wote wanaishi London. Lakini waliokulia Bangladesh, kwenye maradhi mengi zaidi ya utotoni, walikuwa na kiwango cha chini cha projesteroni, homoni inayoandaa mji wa mimba, kuliko waliohama kabla ya kufika umri wa miaka minane hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007. Mwili ulikuwa umeshapanga bajeti yake utotoni, na ukaendelea kuifuata hata baada ya kipato kupanda.

Mpaka hapo tumemzungumzia mtu mmoja na utoto wake mwenyewe. Sasa twende kwa mama na mwanawe.

Nyani wa Amboseli

Sijui mahali pazuri pa kuliona jambo hili kuliko Amboseli, upande wa Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Tangu mwaka 1971, utafiti ulioanzishwa na Wamarekani Jeanne na Stuart Altmann umekuwa ukifuatilia makundi ya nyani wa porini bila kukatika. Kazi ya kila siku, jua na vumbi, imebebwa kwa miongo mingi na Wakenya kama Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere. Wanamjua kila nyani kwa sura, kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake. Hawawashiki ili kuwapima homoni. Wanaokota kinyesi na kukipeleka maabara. Na kwa kuwa makalio ya jike huvimba na kushuka kufuata mzunguko wake, mtu aliyesimama mbali na daftari lake anaweza kuandika nani yuko kwenye mzunguko na nani mzunguko wake umesimama. Hakuna siri ya chumbani.

Tazama jambo moja tu ambalo watu hao wameliandika mara nyingi. Jike amekaa chini anachimbua vishina vya nyasi, mtoto wake mchanga, mweusi bado, ameng'ang'ania tumboni. Jike mwingine wa cheo cha juu anasogea. Hapigi, hafokei, anakuja tu. Mama anainuka na kuacha shimo alilolichimba mwenyewe, na mwenzake anakaa na kula. Jambo dogo, dakika moja. Lakini litarudiwa kesho na keshokutwa, na mtoto yule anakunywa maziwa ya mama anayeinuka. Kwa nyani hawa, binti hurithi cheo cha mama yake, hivyo siku moja naye atakuwa wa kuinuka.

Mwaka 2009 ukame mkali uliikumba Amboseli. Nyumbu na pundamilia walikufa kwa wingi. Nyani wengi walinusurika, lakini uzazi wao ulishuka. Amanda Lea na wenzake walifungua madaftari na kuuliza: ni majike gani walioshuka zaidi? Jibu, lililochapishwa mwaka 2015, lilikuwa wale waliozaliwa miaka ya mvua haba. Katika ukame uleule, waliozaliwa miaka mizuri walistahimili vizuri zaidi.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu matokeo haya yanabomoa imani tunayoipenda sana. Tunasema mtoto aliyekulia kwenye shida huwa mgumu, shida haimtishi tena. Hata baadhi ya wanasayansi walidhani mwili uliozaliwa kwenye njaa hujiandaa kwa njaa. Amboseli inasema hapana. Aliyezaliwa kwenye ukame hakuwa na kinga dhidi ya ukame wa pili. Yeye ndiye ambaye ukame huo ulimwangusha zaidi. Dhiki haikumkomaza, ilimpunguzia akiba.

Na kuna nusu ya pili ya matokeo ambayo magazeti huiruka. Majike waliozaliwa miaka mibaya lakini kwa mama wa cheo cha juu hawakushuka hivyo. Mvua haikuwepo kwao pia. Mama zao ndio hawakulazimika kuinuka.

Miaka minne baadaye, mwaka 2019, Matthew Zipple na wenzake walisogea kizazi kimoja mbele. Walitazama watoto ambao mama zao walikuwa wamefiwa na mama wakiwa wadogo, au walifuatwa haraka mno na mdogo wao. Watoto hao walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kabla ya kutimiza miaka minne, hata pale ambapo utoto wao wenyewe haukuwa na shida hiyo. Jeraha lilikuwa la mama, alilipata kabla mtoto hajatungwa, na bado lilimfikia.

Ukiunganisha masomo haya mawili unapata mnyororo. Utoto wa mama huamua hali ya mama, hali ya mama huwa ndiyo utoto wa mtoto, na utoto wa mtoto huamua uzazi wake akiwa mkubwa. Sehemu kubwa ya mnyororo huo haihitaji jambo lolote la ajabu kwenye chembe za urithi. Inahitaji mama aliyechoka na maziwa yasiyotosha.

Njia ziko ngapi?

Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote: mwili na maisha ya mama kama mazingira ya mtoto.

Njia ya pili inashangaza kila ninapoifikiria. Mtoto wa kike hutengeneza mayai yake yote akiwa bado tumboni. Kufikia wiki ya 20 ya mimba, ovari zake changa zina mayai karibu milioni 6 au 7. Siku ya kuzaliwa yamebaki milioni 1 hadi 2, na akivunja ungo yamebaki laki 3 au 4 hivi. Hakuna kiwanda kingine kinachofunguliwa baadaye. Maana yake ni kwamba yai lililokuwa wewe lilikuwepo tayari ndani ya mama yako alipokuwa kijusi, tumboni mwa bibi yako. Bibi akilala njaa mwezi ule, watu watatu walilala njaa kwa namna fulani.

Je, hilo lina athari yoyote? Kwa panya, ndiyo. Catherine Aiken, Susan Ozanne na wenzao wa Cambridge waliwalisha panya wenye mimba chakula chenye protini kidogo. Mabinti zao walikula vizuri maisha yao yote ya ukubwani. Wajukuu wa kike ndio waliokutwa na akiba ndogo ya mayai, ilhali mama zao walikuwa wakila vizuri walipowabeba.

Njia ya tatu ndiyo yenye jina gumu: epijenetiki. Aliyesoma madrasa utotoni ataielewa mara moja. Herufi za Kiarabu zimeandikwa mstarini, hazibadiliki. Lakini juu na chini yake kuna irabu, alama ndogondogo: ukiweka fataha ni "ba", ukiweka kasra ni "bi", ukiweka sukuni herufi inatulia. Jeni zetu, yaani chembe za urithi, ni herufi. Juu yake kuna alama za kikemikali zinazouambia mwili jeni hii isomwe kwa nguvu, ile itulie. Dhiki haifuti herufi. Inaweza kusogeza irabu.

Kwa wanaume kuna kingine. Mbegu hubeba, pamoja na jeni, vipande vidogo vya RNA, kama vikaratasi vya maelekezo vilivyotiwa kwenye bahasha. Mwaka 2018 kundi la Larry Feig la Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, lilipima mbegu za wanaume 28. Waliopitia dhiki nyingi zaidi utotoni walikuwa na kiwango cha chini cha aina mbili za vikaratasi hivyo. Panya dume waliosumbuliwa wakiwa wadogo walionyesha upungufu uleule, na upungufu ukaonekana kwenye mbegu za watoto wao wa kiume pia. Linalogusa mada yetu ni hili: panya dume anayekosa kabisa makundi yote mawili ya vikaratasi hivyo hawezi kuzalisha. Usiruke hapo ukasema wanaume wale 28 walikuwa wagumba. Utafiti haukusema hivyo. Kupungua siyo kukosa. Lakini mlango umeonekana, na uko upande wa baba pia, jambo ambalo kwenye vikao vyetu halisemwi.

Binadamu je?

Kwa binadamu ushahidi ni wa kupapasa zaidi, na lazima tuwe waaminifu. Huwezi kumlaza njaa mwanamke mjamzito ili uone mjukuu atakuwaje. Unasubiri msiba wa historia, kisha unahesabu.

Msiba uliohesabiwa sana ni wa Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi walizuia chakula kwenda magharibi mwake, na mgawo wa siku ukashuka chini ya kalori 1,000. Watu hadi 20,000 wanakadiriwa kufa. Waliokuwa tumboni wakati ule wamefuatiliwa mpaka uzeeni. Mwaka 2008 ilionekana kuwa waliotungwa mimba wakati wa njaa bado walikuwa na irabu zilizosogea kwenye jeni moja ya ukuaji, miaka 60 baadaye. Na uzazi wao? Utafiti mmoja ulikuta mabinti wa njaa ile walifika ukomo wa hedhi mapema zaidi. Mwingine, kwa waliozaliwa Amsterdam, ulikuta walizaa watoto wengi zaidi kuliko wenzao, siyo wachache. Ukikutana na mtu anayekwambia kwa uhakika kwamba njaa ya bibi imekunyima mtoto, mkumbushe Amsterdam.

Ushahidi mwingine uko Perth, Australia Magharibi. Wanawake wajawazito waliulizwa kuhusu misukosuko yao: kufiwa, kuachika, kupoteza kazi, kukosa fedha. Watoto wa kiume walipofika miaka 20, vijana 643 walipimwa. Wale ambao mama zao walipata matukio matatu au zaidi katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa, kwa wastani, na mbegu pungufu kwa asilimia 36, na testosteroni, homoni ya kiume, pungufu kwa asilimia 11. Misukosuko ya mwishoni mwa mimba haikuonyesha hivyo. Inaonekana wiki zile za mwanzo, ambamo viungo vya uzazi vya kijusi hujengwa, ndizo dhaifu. Watafiti wenyewe walisema huu ni uhusiano, siyo uthibitisho kwamba hili lilisababisha lile.

Na mbegu 36 pungufu kati ya 100 siyo ugumba. Wanaume wengi wenye mbegu pungufu huitwa baba.

Sasa turudi kwa shangazi. Kosa lake la kwanza ni kudhani kurithi ni sawa na kuhukumiwa. Haya yote ni uwezekano unaosogea kidogo kwenye kundi kubwa la watu, na alama nyingi za juu ya jeni hufutwa mimba inapotunga na kuandikwa upya. Kosa la pili ni kutafuta mbali wakati chanzo kiko karibu. Katika nchi zetu, mirija iliyoziba kwa magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa mapema ni sababu inayojulikana vizuri, inaonekana kwa vipimo, na haihitaji kumsumbua bibi kaburini. Kosa la tatu ndilo linaloniuma: kumpima mke peke yake. Upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya kesi za wenza wasiopata mimba. Kipimo cha mbegu ni kikombe kimoja, hakuna sindano wala kisu. Hata hivyo wapo wanawake wanaozunguka miaka mitano, kwa daktari, kwa mganga, kwenye maombi, kabla mume hajaombwa kikombe hicho.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la mtu anayesoma habari hizi na kugeukia utoto wake mwenyewe. Mwanamke aliyekimbia vita Burundi au Kongo akiwa na miaka sita, aliyelelewa na shangazi baada ya kufiwa, anamtazama binti yake na kuuliza: je, nimempitishia? Nchini Rwanda watafiti waliwapima wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, pamoja na watoto waliowazaa, na wakakuta alama tofauti kwenye jeni inayopokea kortisoli, kwa mama na kwa mtoto. Swali la mama huyo kwa hiyo siyo la kipuuzi, na hastahili kuambiwa asifikirie.

Linalojibika ni hili. Wasichana wa Sylhet waliohama wadogo walipata homoni za kule walikokulia, siyo za kule walikozaliwa. Isabelle Mansuy na wenzake wa Zurich waliwachukua panya dume waliotenganishwa na mama zao wakiwa wachanga, wakawaweka ukubwani kwenye vizimba vyenye wenzao, michezo na nafasi, na tabia ya dhiki haikuonekana kwa watoto wao. Na kule Amboseli, mwaka wa mvua haba ulipokuja, mtoto aliyenyonya kwa mama asiyelazimika kuinuka alikua akawa jike aliyezaa hata katika ukame wa 2009. Mama yule wa Burundi ana binti wa miaka minne anayekula mara tatu kwa siku, anayelala bila kusikia risasi. Hilo nalo linaandikwa mwilini mwa mtoto, sasa hivi, kwa irabu zilezile.